Betri ya Sola Pasipo na Nguzo: Kuichagua na Kuifunga kwa Hesabu ya Julai

Mfumo wa sola wa Nairobi hupimwa Julai. Januari na Februari jua ni la kumwaga, betri imejaa kabla ya saa nane mchana, na hata fundi aliyepiga hesabu vibaya anaonekana bingwa. Kuanzia katikati ya Juni hadi Agosti wingu la kijivu hutanda tangu alfajiri, rasharasha zinanyunya, na siku nyingine jua huchungulia alasiri kidogo kisha likatoweka. Ukijumlisha mwanga wa siku nzima, kiangazi utapata sawa na kama saa sita za jua kamili. Julai panga kwa saa nne, na ujue zipo siku zisizofika hata mbili.

Ndiyo maana betri nyingi zinazotupwa hapa mjini hazifi kwa uzee. Zinakufa njaa. Kila usiku zinatoa zaidi ya zilicholishwa mchana, wiki baada ya wiki, mpaka siku moja taa zinazimika saa tatu usiku na mwenye nyumba anaanza kumtafuta muuzaji. Mwongozo huu ni wa aliyejenga Kamulu, Joska, ndani ndani ya Ruai au nyuma ya Kitengela, mahali ambapo nguzo ya Kenya Power bado haijafika, au gharama ya kuivuta mpaka kwako inavunja moyo. Mwenye stima anayetaka tu kuvuka giza kama lile la tarehe 25 Agosti 2023, nchi ilipozimika, atafaidi hatua nyingi za hapa, ila hesabu yake ni nyepesi: betri yake inajazwa na gridi, liwe jua au wingu.

Hatua ya 1: Andika kila kinachokula umeme

Shika kalamu kabla ya kushika pesa. Kwa kila kifaa andika wati zake, zidisha kwa saa kinazofanya kazi kwa siku, upate wati-saa. Tuchukue nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, watu watano:

- balbu nane za LED za wati 9, saa tano: 360
- friji ya kiasi, siku nzima: 1,000
- televisheni ya wati 80, saa tano: 400
- ruta ya intaneti ya wati 10, saa 24: 240
- kompyuta ya mkononi ya wati 50, saa sita: 300
- simu za wote: 60
- pampu ya kupandisha maji kwenye tangi, wati 750, nusu saa: 375

Jumla ni wati-saa 2,735. Wengi husimama hapo, na hapo ndipo kosa linapozaliwa, kwa sababu inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi, yenyewe inakula. Inveta ya kilowati 5 ikiwa imewashwa tu, bila hata balbu moja, inaweza kumeza wati 40 hadi 70 usiku na mchana. Tukikadiria kwa upole wati 40 kwa saa 24, hiyo ni wati-saa 960, karibu sawa na friji nzima ambayo hukuiandika. Ongeza asilimia 10 ya nguvu inayopotea njiani na utafika kama kilowati-saa 4.1 kwa siku. Kwa hiyo kabla ya kununua inveta, tafuta kwenye karatasi yake ya vipimo inakula wati ngapi ikiwa haina kazi. Muuzaji asiyeijua namba hiyo hajawahi kuishi na sola.

Friji usiikadirie kwa wati zilizobandikwa nyuma, maana kompresa huwaka na kuzima. Angalia lebo ya matumizi ya nishati: inasema kilowati-saa kwa mwaka, ugawe kwa 365. Kama lebo haipo, nunua mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, ipime siku mbili mahali penye stima. Mita hiyo itakufaa tena baadaye.

Kisha kuna vitu ambavyo havifai kuingia kwenye orodha kabisa. Shawa ya umeme ya papo kwa papo inavuta kilowati 3.5 hadi 5 na zaidi. Hiyo iache kwa wenye nguzo, wewe weka hita ya maji ya jua juu ya paa. Kupika ni gesi. Pasi na birika la umeme vinaruhusiwa mchana wa jua, kimoja kimoja, paneli zikiwa zinafanya kazi, si saa moja usiku.

Mwisho, tenga usiku na mchana. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili asubuhi ni saa 14 ambazo betri iko peke yake. Kwa nyumba yetu, taa, runinga, sehemu ya friji, ruta na ulaji wa inveta vinafika kama kilowati-saa 2.4. Hiki ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho betri lazima itoe bila kuumia.

Hatua ya 2: Asidi au lithiamu

Madukani utakutana na makundi mawili. La kwanza ni betri za asidi, yaani zenye sahani za risasi: zipo za kufunguliwa na kuongezwa maji, zipo za AGM na za jeli ambazo zimefungwa. La pili ni lithiamu, na kwa nyumba tafuta aina ya LiFePO4, yaani lithiamu yenye chuma na fosfeti. Zipo lithiamu nyingine, hasa zinazotolewa kwenye magari ya umeme yaliyogongwa, ambazo kemia yake hushika moto kwa wepesi zaidi. Sizishauri ndani ya nyumba wanamolala watoto.

Betri ya gari sahau. Sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili injini iwake, si kuwasha friji usiku kucha. Ukiitumia kwa sola itakuhudumia miezi michache.

Hoja inayotolewa sana dhidi ya lithiamu ni bei. Ipime kwa nishati utakayoitoa maisha yote ya betri, usiipime kwa bei ya kibandiko. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu. LiFePO4 unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90. Ili nyumba yetu ipate kilowati-saa 4 na ushei zinazotumika, itahitaji betri nne za asidi za volti 12 na ampea-saa 200, jumla kilowati-saa 9.6. Zikitumika kwa nusu na zikidumu mizunguko 500 (mzunguko ni kujaza na kutumia mara moja), zitatoa kilowati-saa 2,400 mpaka zife. Betri moja ya LiFePO4 ya volti 51.2 na ampea-saa 100 ina kilowati-saa 5.12. Itumie kwa asilimia 80 kwa mizunguko 4,000, utapata zaidi ya 16,000. Gawanya bei uliyopewa kwa namba hizo na uone shilingi kwa kila kilowati-saa. Hata lithiamu ikikugharimu maradufu siku ya kununua, bado iko mbele kwa mbali. Na uzito: zile nne za asidi ni karibu kilo 240 kwa jumla, lithiamu ni kama kilo 45 hadi 50, watu wawili wanaibeba hadi ghorofani.

Lakini hoja kubwa kwangu si bei, ni Julai. Betri ya asidi isipojaa kabisa, salfeti inayoganda kwenye sahani inakuwa ngumu na haiyeyuki tena, na ujazo unapungua moja kwa moja. Tena robo ya mwisho ya kuijaza inaenda polepole mno, kama kujaza mtungi wenye shingo nyembamba. Inataka saa kadhaa za mkondo mdogo, na Julai saa hizo hazipo. LiFePO4 haina shida hiyo. Inaweza kukaa kati ya asilimia 30 na 70 kwa wiki nzima bila kulalamika, na inapokea umeme kwa kasi ileile karibu mpaka mwisho, hivyo jua la dakika 40 alasiri halipotei. Baridi yetu haiidhuru pia, kwani haifai kuchajiwa chini ya nyuzi 0 tu, na Nairobi haifiki huko.

Asidi bado ina nafasi yake. Kwa kibanda chenye taa tatu, redio na chaji ya simu, ambapo paneli ni kubwa kuliko matumizi na betri inajaa kila siku, nunua ya asidi ya kweli ya mzunguko mrefu (deep cycle), hasa yenye sahani za mirija, uitunze, na itakulipa. Kwa nyumba yenye friji ningesubiri miezi miwili zaidi nikusanye pesa ya lithiamu.

Hatua ya 3: Volti na ukubwa

Nguvu ikiwa ileile, volti zikipungua ampea zinaongezeka, na ampea ndizo zinazochoma waya. Kilowati 5 kwenye betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 400. Kwenye volti 48 ni kama 110. Volti 12 iishie kwenye mifumo ya chini ya kilowati 1, volti 24 hadi kama kilowati 3, na juu ya hapo nenda 48 (ile LiFePO4 ya 51.2 iko kundi hili). Mtu anayetarajia kuongeza vyumba vya kupangisha aanze na 48 moja kwa moja.

Nyumba yetu inahitaji kilowati-saa 2.4 usiku na 4.1 kwa siku nzima. Betri ya 5.12, kwa asilimia 80, inatoa 4.1: inamudu usiku wote na mchana mmoja wa giza tupu. Wapo watakaokuambia weka siku tatu za akiba. Kwenye vitabu ni sawa, lakini betri haizalishi umeme. Kama paneli hazitoshi, betri ya pili na ya tatu ni midomo zaidi ya kulisha. Ukiwa na pesa ya ziada, ongeza paneli kwanza. Kwa ile wiki mbaya moja au mbili za mwaka, jenereta ndogo ya petroli ikiendeshwa saa mbili inaokoa mambo kwa gharama ndogo kuliko betri inayokaa bila kazi miezi kumi.

Jambo moja linalowaumbua mafundi: ndani ya kila betri ya lithiamu kuna bodi ya ulinzi, BMS, inayokata umeme ikiona hatari. Betri ya ampea-saa 100 mara nyingi BMS yake inaruhusu ampea 100 tu. Inveta ya kilowati 5 ikifanya kazi kwa nguvu zote inavuta zaidi ya hapo, na BMS itakata pale tu pampu itakapowaka huku mtu anapiga pasi. Inveta haina kosa, betri haina kosa. Waliooanisha ndio walikosea. Ama chukua inveta ya kilowati 3, ama weka betri mbili sambamba, ama ukubali kwamba mizigo mizito haiwaki pamoja.

Hatua ya 4: Paneli zinazoilisha

Hesabu ya Julai: mahitaji 4.1, gawanya kwa saa nne za jua, gawanya tena kwa 0.75 kwa ajili ya vumbi, joto na upotevu. Unapata kama kilowati 1.4, yaani paneli tatu za wati 550. Inaonekana imekwisha, sivyo? Angalia volti. Inveta nyingi za kisasa zenye kidhibiti cha MPPT, kinachokamua nguvu yote ya paneli, hazianzi kuchaji mpaka mfululizo wa paneli ufike volti 120 hivi. Paneli tatu za aina hiyo zikiwa kazini zinatoa kama 123, na zikishapata joto zinashuka chini yake. Utakaa ukishangaa kwa nini chaji inakatika saa sita mchana, jua likiwa utosini. Weka nne. Kwa paneli nne, Julai ya kawaida inakupa kama kilowati-saa 6.6, na siku mbovu ya saa mbili bado inakuletea 3.3. Upande wa juu nao ukague: paneli nne bila mzigo asubuhi ya baridi zinaweza kufika volti 210, na kiwango cha juu cha inveta kisivukwe hata siku moja.

Nairobi iko nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo wengi husema upande wa paa hauna maana. Kwa wastani wa mwaka ni kweli. Lakini Juni na Julai jua liko kaskazini, na huo ndio wakati una uhaba. Ukiwa na hiari, chagua upande wa paa unaotazama kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi.

Hatua ya 5: Dukani

Mitaa ya Luthuli na River Road kuna wauzaji wa kweli na kuna wa kukuuzia kasha. Ujanja wa kawaida wa lithiamu ni seli kuukuu, zilizotoka kwenye minara ya simu au kwingineko, zikivalishwa plastiki mpya. Beba mizani: betri ya kilowati-saa 5 yenye uzito wa kilo 25 haina seli za kutosha ndani. Taka karatasi ya vipimo yenye jina la modeli lile lile lililo kwenye kasha, namba ya betri ambayo mtengenezaji anaitambua, na dhamana iliyoandikwa, si ya mdomo. Isome dhamana. Nyingi zinasema miaka kumi kwa herufi kubwa, na kwa herufi ndogo zinasema mizunguko kadhaa, au ifungwe na fundi mwenye leseni, au iunganishwe na inveta zilizo kwenye orodha yao.

Betri ya asidi ipime kwa mita papo hapo. Mpya iliyotunzwa inasoma volti 12.6 au zaidi, ikisoma 12.2 imeshuka hadi nusu, huenda imekaa rafuni miezi mingi, na salfeti imeshaanza. Kama unanunua nne, ziwe za aina moja na tarehe moja ya kutengenezwa. Kuchanganya mpya na kuukuu ni kuua mpya.

Fundi naye awe na leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati. Kanuni za sola za mwaka 2012 ziliweka madaraja T1, T2 na T3, la kwanza likiwa la mifumo midogo na la tatu la mifumo mikubwa na mseto. Muombe namba yake kabla ya kumpa malipo ya awali. Hatua zinazofuata zisome hata kama hutashika spana, ili ujue anachokufanyia.

Hatua ya 6: Mahali pa kuikalisha

Karibu na inveta, mita moja na nusu ya waya au pungufu. Ukuta wa mawe, sakafu ya saruji, mbali na njia ya watu kukimbilia nje moto ukizuka. Chumba cha kulala hapana, jikoni karibu na mtungi wa gesi hapana. Kibanda cha mabati kinachopigwa na jua kutwa hapana pia, kwa sababu joto linalozidi nyuzi 25 kwa nyuzi kumi hupunguza maisha ya betri ya asidi kwa karibu nusu. Hali ya hewa ya Nairobi ni neema kwa betri. Usiifuje kwa kuziweka ndani ya sanduku la bati.

Asidi inapochajiwa hutoa haidrojeni, nayo huwaka kwa cheche. Tundu la hewa liwe juu, maana gesi hiyo hupanda, na inveta isikae moja kwa moja juu ya betri. Lithiamu haihitaji hewa kiasi hicho ila iache nafasi pembeni. Ziba matundu ya waya: panya hula plastiki, na mjusi akiingia kwenye inveta anakufa yeye na bodi pamoja. Na kwa kuwa tunajuana, tia grili. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji watakutengenezea kizimba cha vyuma chenye kufuli, na wezi wa betri wanapenda nyumba za pembezoni ambako wenyewe hurudi usiku.

Hatua ya 7: Kufunga

Vua pete, saa na mkufu. Spana zifungwe kwa tepu ya umeme, ubaki mdomo tu. Volti 48 kwa kawaida hazikurushi, lakini spana ikiangukia vichwa viwili vya betri inapitisha maelfu ya ampea na kuyeyuka mkononi. Kwa asidi vaa miwani na glavu, weka karibu maji mengi na soda ya kuokea. Upande wa paneli ndio unaoua kwa mshtuko: volti 200 za DC (umeme mnyoofu, ule wa betri na paneli) hazina mchezo, na viunganishi vya paneli visichomolewe umeme ukiwa unapita.

Waya wa betri kwenda inveta ya kilowati 5 kwenye volti 48 uwe wa shaba, milimita za mraba 35. Ukiambiwa wa 16 unatosha, badilisha fundi. Tahadhari na waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba. Ukwangue kwa kisu, ndani ni mweupe. Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo la haidroliki, si kwa nyundo, na nati zikazwe kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha betri. Muunganisho uliolegea hupata joto, na moto mwingi wa betri huanzia hapo.

Fyuzi iwe kwenye waya chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana. Kwa betri yetu moja, ampea 125 ya DC, aina inayoweza kukata mkondo mkubwa wa shoti. Kwa lithiamu tafuta fyuzi ya daraja T (Class T). Breka za kawaida za nyumba, zile za AC (umeme geu, ule wa soketi), zisitumike upande wa betri wala wa paneli. Umeme wa AC hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche hujizima. Wa DC haupumziki, na breka isiyo yake itaendelea kuwaka ndani hata ikiwa imezimwa. Hata breka za DC, baadhi zina upande wa kuingilia na wa kutokea. Soma alama.

Ukiwa na betri mbili au zaidi sambamba, kwanza zijaze zote mpaka volti zilingane, ndipo uziunganishe. Waya chanya wa inveta utoke betri ya kwanza na hasi utoke ya mwisho, ili njia ya umeme iwe sawa kwa zote. Fundi akichukua vyote viwili kwenye betri ya kwanza, hiyo itafanya kazi kubwa na itakufa kabla ya wenzake. Zikizidi tatu, tumia baa za shaba, na waya za betri zote ziwe na urefu sawa.

Mpangilio wa kuwasha ni huu:

1. Swichi zote zikiwa zimezimwa, pima kwa mita kwamba chanya ni chanya na hasi ni hasi. Pima tena.
2. Unganisha betri na inveta. Inveta ina kapasita zinazovuta umeme kwa ghafla, ndiyo ile cheche kubwa. Betri nyingine huanza taratibu zenyewe, vinginevyo pitisha umeme kwenye rezista sekunde chache kabla ya kufunga swichi.
3. Weka mipangilio ya inveta (hatua inayofuata) kabla ya kitu kingine chochote.
4. Washa paneli. Kidhibiti kinahitaji kuiona betri kwanza ili kijue volti zake. Ukianza na paneli unaweza kukiunguza.
5. Mwisho washa nyumba, mzigo mmoja mmoja.

Kuzima ni kinyume chake: nyumba, paneli, betri.

Athi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, isisahauliwe. Nguzo ya shaba ardhini, fremu za paneli, kasha la inveta na la betri vyote viungane nayo, na kizuizi cha radi kiwe upande wa paneli na upande wa AC. Nyumba isiyo na gridi ina jambo la ziada: waya nyutro lazima uungwe na athi mahali pamoja tu, la sivyo kile kikata-umeme cha kuokoa maisha hakitakata mtu akishikwa. Baadhi ya inveta hufanya hivyo zenyewe, nyingine hapana. Hili mwachie fundi wa leseni, ila muulize, na akujibu bila kubabaika.

Hatua ya 8: Mipangilio na jaribio la wiki ya kwanza

Betri nzuri huuawa na menyu. Kwa LiFePO4 ya volti 51.2, kama kitabu chake hakisemi vinginevyo: volti za kujaza 56 hadi 56.8, za kushikilia 54, kukata 48, mkondo wa kuchaji usizidi ampea 50 kwa ampea-saa 100. Kile kipengele cha kusawazisha kwa volti za juu, kilichotengenezwa kwa asidi, kizimwe kabisa. Kwa kundi la betri nne za asidi, volti 48: kujaza kama 57.6, kushikilia 54, mkondo wa ampea 20 kwa betri za ampea-saa 200.

Kama betri na inveta zinaweza kuzungumza kwa kebo ya mawasiliano (CAN au RS485), ziunganishe, na uchague itifaki sahihi, yaani lugha ya betri hiyo, kwenye inveta. Kebo ya intaneti ya kawaida inaingia tundu lilelile lakini nyaya zake huenda hazijapangwa inavyotakiwa. Tumia iliyokuja na betri. Bila mawasiliano hayo inveta itakisia asilimia kwa volti, na volti za LiFePO4 hazisogei sana tangu 90 hadi 20. Utaona 60, utawasha mashine ya kufulia, na nyumba itazimika. Suluhisho ni mita yenye shanti inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Sasa jaribio, stakabadhi ikiwa bado mpya. Jaza betri mpaka mwisho. Jioni zima paneli, chomeka ile mita ndogo kwenye soketi, na mizigo yote ya nyumba ipitie hapo kwa waya wa kuongezea mpaka inveta ikate yenyewe. Betri mpya ya 5.12, ukitoa ulaji wa inveta, inapaswa kutoa zaidi ya kilowati-saa 4 upande wa AC. Ikitoa 3, piga picha ya mita na urudi dukani asubuhi yake.

Kuitunza

Lithiamu haidai mengi: ijae kabisa angalau mara moja kwa wiki ili BMS isawazishe seli, nati zikaguliwe kwa mgongo wa kiganja kila baada ya miezi mitatu kuona kama kuna joto, basi. Asidi ya kufunguliwa inataka kukaguliwa kila mwezi. Ongeza maji safi ya betri yanayouzwa vituo vya petroli, na uyaongeze baada ya kuchaji. Usiongeze asidi wala maji ya kisima, maana maji ya visima vya upande huu yana madini mengi. Haidromita (kipimo cha uzito wa asidi) ikisoma karibu 1.265 kwenye seli zote, imejaa. Seli moja ikibaki nyuma ya nyingine, hiyo ndiyo itakayoiangusha betri nzima.

Vumbi la Kitengela na Athi River hufunika paneli kuanzia Januari, na mvua za masika huliosha. Osha mwenyewe mwishoni mwa Februari, na tena katikati ya Juni kabla wingu halijatulia. Msimu huo peleka pampu, kufua na kupiga pasi saa sita hadi saa tisa, na usiku zima ruta watu wakilala. Mwenye asidi asisubiri taa kuzimika: siku tatu bila kujaa, washa jenereta asubuhi, mapema, ili jua la mchana limalizie ile robo ya polepole.

Betri ya asidi ikifa ina thamani, wanunuzi wa vyuma chakavu wanaijua. Usimuuzie anayeimwaga asidi mtaroni na kuyeyusha risasi uani. Owino Uhuru, Mombasa, watu waliugua kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, kesi ambayo Phyllis Omido aliipigania mpaka akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Irudishe duka linalopokea ya zamani na kupunguza bei ya mpya. Ya lithiamu funga vichwa vyake kwa tepu, usiitoboe, na uipeleke kwa wakusanyaji wa taka za elektroniki wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira.